Saa ya sheria haimngoji mjane

Mwezi Juni 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza kwamba zaidi ya vituo 700 vya matibabu vimefungwa, na vingine takribani 300 vimeshushwa ngazi, baada ya Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno kuona kwamba havitimizi masharti ya leseni. Wengi waliipokea habari hiyo kwa furaha, na hawana lawama, kwa maana ni nadra raia kuona chombo cha usimamizi kikitumia meno yake. Hata hivyo, katika mazungumzo yaliyofuata nilisikia kauli moja ikirudiwa na watu wa kila namna, wakiwemo walimu na viongozi wa dini: kwamba sasa mtu aliyefiwa na mume au mke kwa uzembe wa hospitali hana haja ya kuhangaika na mahakama, apeleke malalamiko yake kwa Baraza, kisha atulie angoje. Kauli hiyo inatoka kwa watu wenye nia njema, na inaweza kumpotezea mjane haki yake yote.

Msimamo wangu ni huu. Nidhamu ya madaktari na fidia ya waliofiwa ni njia mbili zisizokutana. Njia ya fidia ina saa inayoanza kuhesabu kifo kinapotokea, wakati mwingine hata kabla yake, na sheria ya Kenya haina kifungu kinachoisimamisha saa hiyo kwa sababu familia imelalamika kwa Baraza au kwa sababu waziri ameunda kamati ya uchunguzi. Zaidi ya hayo, saa hiyo si moja. Aliyefiwa katika hospitali ya binafsi anapewa miaka mitatu, na aliyefiwa katika hospitali ya serikali anapewa miezi 12. Sioni hoja inayoweza kuitetea tofauti hiyo leo, na nadhani Bunge linapaswa kuiondoa. Ila kabla ya Bunge kufanya lolote, wapo watu ambao mwezi wao wa tisa au wa kumi unayoyoma sasa hivi, nao hawajui.

Tuanze na sheria zenyewe. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, inasema katika kifungu cha 4 kwamba shauri la madhara, na uzembe wa daktari umo humo, haliwezi kufunguliwa baada ya miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Shauri la mkataba lina miaka sita. Kisha ipo Sheria ya Ukomo wa Mashauri dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inayosema katika kifungu cha 3 kwamba shauri la madhara dhidi ya Serikali au mamlaka ya mtaa halitafunguliwa baada ya miezi 12, na lile la mkataba halitafunguliwa baada ya miaka mitatu. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, hospitali nyingi ambazo wananchi wa kawaida huzitegemea ziko chini ya serikali za kaunti. Wakili anaweza kubishana kama kaunti, ambayo haikuwepo sheria hiyo ilipotungwa, ni “Serikali” au “mamlaka ya mtaa” kwa maana ya Sura ya 39, na ubishi huo una uzito wake. Lakini mjane hawezi kuweka maisha ya watoto wake juu ya ubishi wa mawakili. Mtu mwangalifu atahesabu miezi 12.

Anachodaiwa mjane kukijua hakiishii hapo. Kifo cha mtu mmoja huzaa madai mawili. La kwanza ni la wategemezi, chini ya Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32, kwa faida ya mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu, na kipimo chake kikubwa ni riziki waliyoipoteza. La pili ni la mirathi, chini ya Sura ya 26, yaani haki ambayo marehemu mwenyewe angeidai kama angeishi: maumivu aliyoyapata kabla ya kufa na kupunguziwa umri wake. Dai la kwanza linazaliwa siku ya kifo. La pili, kwa kuwa ni haki ya marehemu mwenyewe, linaweza kuwa lilizaliwa siku kosa lilipotendeka. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mbaya mwezi Januari akafariki mwezi Agosti amekwisha kupoteza miezi saba ya saa hiyo ya pili akiwa kitandani, na huenda hakuna aliyekuwa akihesabu.

Halafu linakuja swali la nani mwenye mamlaka ya kushtaki. Mke hawezi kuingia mahakamani kwa niaba ya mirathi ya mumewe kwa sababu tu ni mke wake. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema mwaka 1993, katika shauri la Troustik Union dhidi ya Mbeyu, kwamba msimamizi wa mirathi hawezi kufungua shauri kabla ya kupewa hati ya usimamizi, na kwamba shauri lililofunguliwa mapema halina msingi. Hati kamili inahitaji cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, ridhaa ya wenye haki sawa au inayozidi, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali linaloacha siku 30 za pingamizi. Barua ya chifu peke yake, pale ambapo wakwe hawamtaki mke au pana mke wa pili aliyejitokeza matangani, inaweza kuchukua miezi. Ipo njia fupi, nayo ni hati yenye mipaka ambayo mahakama huitoa kwa ajili ya kufungua shauri tu, bila kugusa mali. Pia Sura ya 32 inawaruhusu wategemezi kushtaki kwa majina yao wenyewe ikiwa miezi sita imepita tangu kifo na msimamizi hajafanya hivyo. Njia hizi ni nzuri, ila anayezijua ni wakili, na mjane humfikia wakili akiwa amechelewa.

Hapa Pwani kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa katika mijadala ya sheria hii. Mwislamu akifa huzikwa upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, na kwa hiyo uchunguzi wa maiti, ambao ndio ushahidi mkubwa wa chanzo cha kifo, mara nyingi haufanyiki. Kisha mke huingia eda ya miezi minne na siku kumi. Wanazuoni wengi huruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja ya lazima, lakini mila zetu zina ukali wake, na mjane anayeonekana akipanda ngazi za ofisi ya wakili mwezi wa pili wa eda atasemwa na jamaa za mume wake mwenyewe. Miezi minne ya mwandamo na siku kumi ni takribani siku 128. Ukizitoa katika siku 365 za Sura ya 39, zaidi ya theluthi ya muda imekwisha kabla mwanamke huyu hajavua nguo za eda. Sisemi kwamba sheria ya nchi inapaswa kufuata kalenda ya kila dini. Nasema tu kwamba miezi 12, inayotamkwa kwa urahisi katika jengo la Bunge, katika nyumba halisi hubaki saba au minane, na katika hiyo lazima hati ya usimamizi ipatikane, faili la hospitali litolewe, na daktari wa kujitegemea asome faili hilo na kueleza kosa liko wapi.

Namjua mwanamke mmoja wa mtaa wetu ambaye mumewe alifariki katika hospitali moja ya umma baada ya kulazwa kwa maradhi ambayo kila mmoja wetu aliamini atapona. Alilalamika kwa maandishi mwezi wa tatu baada ya kifo. Alijibiwa kwa adabu kwamba suala lake linashughulikiwa, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa avute subira. Alikwenda kwa wakili mwezi wa 14 akiwa na bahasha ya barua zote alizojibiwa, zimepangwa kwa tarehe, akidhani kuwa barua hizo ndizo kesi yake. Wakili alizisoma zote, kisha akamwambia kwamba barua ya mwisho imeandikwa miezi miwili baada ya haki yake kuisha.

Mtu anayeisoma Sura ya 22 mpaka mwisho atasema kwamba sheria imeweka mlango wa huruma, na ni kweli. Kifungu cha 27 kinaruhusu muda kuongezwa katika madai ya uzembe ikiwa mambo ya msingi hayakujulikana kwa mdai. Inafaa kueleza mlango huo ulitoka wapi, kwa sababu asili yake ndiyo inayoonyesha kwa nini wajane wengi hawapiti. Mwaka 1963 Bunge la Malodi la Uingereza liliamua shauri la Cartledge dhidi ya Jopling, la wafanyakazi wa kiwandani waliopata ugonjwa wa mapafu kwa kuvuta vumbi kwa miaka mingi. Majaji walikiri kwamba haki ya watu hao ilikufa kabla wao wenyewe hawajajua kuwa ni wagonjwa, wakasema hilo si haki, lakini sheria ndivyo ilivyo. Bunge la nchi hiyo likatunga mwaka huo huo sheria ya kuwapa nafasi watu ambao ugonjwa wao ulijificha kwa miaka. Kenya ilichukua maneno ya sheria hiyo karibu kama yalivyo. Kwa hiyo mlango wetu wa huruma ulichongwa kwa kipimo cha mtu anayegundua ugonjwa baada ya miaka kumi. Mjane hayuko katika hali hiyo, kwa maana kifo hakijifichi. Kinachojificha ni sababu yake, nayo iko ndani ya faili ambalo mwenye nalo ndiye atakayeshtakiwa.

Matokeo yake yanaonekana katika masharti. Mdai lazima aonyeshe kwamba mambo yenye uzito wa kuamua shauri hayakuwa katika ujuzi wake, ujuzi alio nao au ambao angepaswa kuwa nao, mpaka baada ya miaka mitatu kwisha au mpaka ndani ya mwaka wa mwisho wa miaka hiyo, na lazima afungue shauri ndani ya mwaka mmoja tangu alipoyajua. Aliyeupata ukweli mwezi wa 20 hapati nyongeza hata ya siku moja. Kutojua sheria si sababu. Kungoja majibu ya Baraza, kwa yenyewe, si sababu, ingawa ripoti ya Baraza ikitoka kwa kuchelewa inaweza kutumika kuonyesha kwamba kosa halikujulikana mapema. Mahakama ya Rufani ilieleza katika shauri la Gathoni dhidi ya Kenya Co-operative Creameries, mwaka 1982, kwamba sheria ya ukomo inamlinda mdaiwa dhidi ya ucheleweshaji usio na sababu, na inamtarajia mdai afanye bidii na achukue hatua za maana kwa faida yake mwenyewe. Na hata akifanikiwa, ruhusa yenyewe hutolewa kwa maombi ya upande mmoja. Mwaka 1988, katika shauri la Oruta dhidi ya Nyamato, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba ruhusa ya namna hiyo hupingwa wakati wa kusikilizwa kwa shauri lenyewe. Maana yake ni kwamba mjane anaweza kupewa ruhusa leo, akalipa wakili, akamtafuta daktari wa kutoa ushahidi, akakaa kizimbani, na miaka mitano baadaye akaambiwa kwamba hakupaswa kuruhusiwa tangu mwanzo. Uingereza yenyewe iliuacha utaratibu huo mwaka 1975. Leo huko muda wa dai la kifo ni miaka mitatu tangu kifo au tangu mtegemezi alipojua, lipi lililochelewa, na jaji ana uwezo wa kuuondoa ukomo akiona ni haki kufanya hivyo. Sisi tumebaki na nguo ambayo fundi wake aliitupa nusu karne iliyopita.

Wanaotetea ukomo wana hoja, na baadhi yake nazikubali. Daktari wa zamu anahudumia wagonjwa wengi kwa usiku mmoja, na ukimuuliza baada ya miaka minane kwa nini alichagua dawa hii na si ile, hana cha kukupa isipokuwa alichoandika, kama kimehifadhiwa. Muuguzi amehamia kaunti nyingine au amekwenda Uingereza kufanya kazi. Mashine iliyotumika imeuzwa kama chuma chakavu. Kesi inayosikilizwa kwa ushahidi uliooza haimtendei haki yeyote, hata mjane, ambaye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Pia ni kweli kwamba mtu hawezi kufanya kazi ya kuokoa maisha kwa utulivu huku kila mgonjwa aliyewahi kumhudumia anaweza kumfufulia shauri wakati wowote. Kwa sababu hizi sidai ukomo ufutwe. Miaka mitatu, ikihesabiwa kwa haki, ni muda unaostahili.

Hoja ambayo haisimami ni ile inayotetea miezi 12 ya serikali. Inasemwa kwamba serikali ni kubwa, ina ofisi nyingi, inahitaji kufunga hesabu zake, na fedha inazolipa ni za umma. Tuichukulie kwa uzito wake kisha tuipime. Ukubwa wa serikali unaipa uwezo ambao hospitali ndogo ya binafsi haina: masjala, wanasheria wa kudumu wanaolipwa mshahara, na kumbukumbu ambazo sheria inailazimu kuzitunza. Kama zahanati ya vitanda kumi inaweza kuambiwa itunze faili na iwe tayari kujibu kwa miaka mitatu, kaunti yenye mwanasheria mkuu wake haiwezi kudai kwamba jambo hilo ni zito mno kwake. Kuhusu fedha za umma, mjane na watoto wake ni umma. Fedha inayookolewa kwa kumnyima fidia haipotei katika hesabu, inahamia tu katika karo isiyolipwa na kodi ya nyumba inayodaiwa. Na ni nani anayetibiwa katika hospitali ya serikali? Ni yule asiyeweza kumudu ile ya binafsi. Hivyo, sheria imempa muda mfupi zaidi yule ambaye kumpata wakili kutamchukua muda mrefu zaidi.

Kinga hii ya serikali nayo ni urithi. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1893 iliyozilinda mamlaka za umma kwa muda wa miezi sita, ikaurefusha hadi mwaka mmoja mwaka 1939, kisha mwaka 1954 ikaufuta upendeleo huo kabisa na kuziweka mamlaka za umma katika mstari mmoja na watu wengine. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilikabiliwa na jambo linalofanana mwaka 1996 katika shauri la Mohlomi dhidi ya Waziri wa Ulinzi. Sheria ya ulinzi ilitaka mtu aliyedhuriwa na jeshi afungue shauri ndani ya miezi sita na atoe ilani ya mwezi mmoja kabla. Mahakama ilitazama umaskini na kutojua kusoma vilivyoenea nchini humo, na ugumu wa watu wengi kupata msaada wa kisheria, ikaamua kwamba muda huo hauwapi nafasi halisi ya kufika mahakamani, na kifungu kikabatilishwa. Uganda, ambayo ilirithi sheria kutoka kwa mkoloni yule yule, inampa mdai miaka miwili dhidi ya serikali. Tanzania, katika Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa anayedai madhara miaka mitatu, na kifungu cha 44 kinampa waziri mwenye dhamana uwezo wa kuongeza muda wa shauri kwa kiasi kisichozidi nusu yake, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huo wa Tanzania sipendekezi tuuige, kwa kuwa ni vigumu kuridhika pale ambapo serikali ndiyo mdaiwa na waziri ndiye mwenye ufunguo. Hata hivyo, unaonyesha kwamba watunga sheria wa jirani walikubali kuwa muda uliowekwa unaweza kumdhulumu mtu.

Wapo watakaoniambia kwamba tatizo hili limekwisha kutatuliwa na Katiba ya 2010, kwa kuwa ibara ya 43 inatoa haki ya afya na ibara ya 48 inatoa haki ya kuifikia mahakama, na maombi ya kikatiba hayana ukomo ulioandikwa. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya serikali, na imewasaidia watu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni hospitalini na kudhalilishwa na wauguzi, na shauri hilo lilikuwa la kikatiba. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la Wamwere dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilikubali kusikiliza malalamiko ya haki yaliyotokana na matukio ya mwaka 1992, baada ya kuridhika na maelezo ya ucheleweshaji. Lakini mahakama hiyo hiyo ilieleza mwaka 2014, katika shauri la Royal Media, kanuni kwamba suala linaloweza kuamuliwa kwa sheria ya kawaida lisigeuzwe kuwa la kikatiba. Kifo kilichotokana na kipimo cha dawa kilichokosewa ni uzembe wa kawaida, na jaji ana haki ya kumuuliza mjane kwa nini amelivisha dai lake joho la Katiba baada ya miezi 12 kupita. Ombi la kikatiba ni kamba ya uokozi kwa baadhi. Kuliita suluhisho ni kuwapeleka wajane wote baharini kwa kutegemea kamba hiyo moja. Na ni ajabu kwamba mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika shauri la Kenya Bus Service, iliona kuwa hata sharti la kuipa Serikali ilani ya siku 30 kabla ya kuishtaki linakiuka ibara ya 48, huku ukomo wa miezi 12, ulio kizuizi kikubwa kuliko hicho, ukiwa bado umesimama katika vitabu.

Turudi kwa Baraza, maana ndiko kutoelewana kulikoanzia. Kazi ya Baraza ni kumlinda mgonjwa wa kesho: kumwonya daktari, kumsimamisha, kumfutia usajili, kukifunga kituo. Hiyo ni kazi ya lazima na sitaki mtu yeyote aache kulalamika huko. Uamuzi wake unaweza pia kuwa ushahidi mzuri mahakamani, na wakati mwingine pande mbili hukubaliana malipo katika hatua hiyo. Kosa liko katika sheria kuziacha njia mbili zikimbie bila kuzungumza. Mtu anayeambiwa na chombo cha serikali kwamba malalamiko yake yanachunguzwa ana sababu ya kuamini kwamba serikali hiyo hiyo haitamgeukia kesho na kumwambia amechelewa. Kama Baraza litachukua miezi 18 kutoa uamuzi kuhusu hospitali ya kaunti, kaunti inakuwa imelindwa na uchunguzi uliokusudiwa kuiwajibisha. Kadiri chombo cha nidhamu kinavyopewa imani zaidi na wananchi, ndivyo hatari hii inavyokua, na ndiyo maana tangazo la Juni 2025 limenifanya niandike. Wananchi wameliamini Baraza, nao hawakukosea kuliamini. Sheria ndiyo haikujiandaa kwa imani hiyo.

Mabadiliko yanayohitajika si mengi. Kifungu cha 3 cha Sura ya 39 kirekebishwe ili madai ya kifo na majeraha yatokanayo na matibabu yawe na miaka mitatu, bila kujali mwenye hospitali ni nani. Saa ianze siku mtegemezi alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba kifo kinahusiana na matibabu, na hospitali iliyokataa kutoa faili isiruhusiwe kuuhesabu muda wa kukataa kwake. Siku kati ya kupokelewa kwa malalamiko na kutolewa kwa uamuzi wa Baraza zisihesabiwe. Ruhusa ya kuongezewa muda isikilizwe mara moja mbele ya pande zote mbili, iamuliwe, na isifufuliwe siku ya hukumu. Najua ipo hofu kwamba kusimamisha saa wakati wa malalamiko kutawafanya watu walalamike kwa Baraza ili kununua muda. Hofu hiyo inatibika kwa kuweka kikomo cha juu, tuseme miezi 18 ya kusimama kwa saa, na itatibika vizuri zaidi Baraza likipewa watumishi wa kutosha wa kumaliza mafaili yake upesi. Wasiwasi wa madaktari kwamba bima zitapanda nauheshimu, lakini hospitali za binafsi zimeishi na miaka mitatu kwa zaidi ya nusu karne.

Mpaka hayo yatokee, anayeweza kumsaidia mjane ni ndugu aliye karibu naye, na msaada huo una tarehe. Katika wiki za kwanza, kabla ya mazishi pale dini na hali zinaporuhusu, familia iulize kuhusu uchunguzi wa maiti na itake daktari wake awepo. Nakala ya faili iombwe kwa maandishi na barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa hospitali ya umma, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Shemeji au kaka anaweza kwenda kwa wakili wakati mjane yuko edani, akauliza swali moja tu kwanza: hospitali hii ni ya nani, na siku yetu ya mwisho ni ipi? Hati yenye mipaka iombwe mara moja, bila kungoja ugomvi wa mali uishe. Malalamiko kwa Baraza yapelekwe siku hiyo hiyo, na shauri lifunguliwe ndani ya miezi 12 hata kama Baraza halijajibu, kwa sababu shauri lililofunguliwa linaweza kuombewa lisimame likingoja uamuzi wa Baraza, na lile ambalo halikufunguliwa halina pa kusimama. Yule mwanamke wa mtaa wetu bado anazo barua zake katika bahasha ile ile. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa darasa la sita baba yake alipofariki, sasa yuko kidato cha pili, naye juzi alimuuliza mama yake kama inaruhusiwa yeye kuziandikia barua hizo majibu.